Mteja akikwambia ana tumbo joto, usimsahihishe

Miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi hii ya ushauri nasaha nilikuwa na tabia moja ambayo nikiikumbuka leo naona aibu. Mteja anaingia, anakaa, anasema "kifua kimenibana, tumbo joto, miguu haina nguvu", na mimi kwa ile sauti ya upole tuliyofundishwa namjibu "kwa hiyo unahisi woga". Yaani mtu kaniletea mwili mzima, mimi namrudishia neno moja! Afu naandika kwenye faili eti mteja ameanza kutaja hisia zake.

Hisia alikuwa ameshazitaja kitambo. Kiswahili ndo kinavyoongea hivyo, maini yanakatika, roho inakuwa juu, nywele zinasimama, mwili unakufa ganzi, damu inasisimka. Nilikuwa namsahihisha mtu aliyesema vizuri kuliko mimi.

Aliyenifumbua macho ni mteja mmoja aliyepata ajali ya gari (nimebadilisha mambo mengi hapa ili asijulikane, na bado nasimulia kidogo tu). Alikuwa na stori nzuri sana, nzuri kupita kiasi, kila wiki anaisimulia kwa mpangilio uleule, kona, taa za gari la mbele, kishindo, halii wala hasiti, na mimi nafurahi nasema huyu kashaikubali hali yake. Kumbe usiku halali. Akiwa kwenye gari la mtu mwingine anatoka jasho mpaka shati linalowa. Siku moja niliishiwa maswali, nikabaki naangalia chini tu kwa kukosa la kufanya, ndo nikaona mguu wake wa kulia. Kila stori ikifika kwenye ile kona mguu unakandamiza sakafu, unakaa hapo, unaachia. Nikamwomba arudie ile sehemu, ukakandamiza tena, na yeye mwenyewe hajui kabisa.

Siku ya ajali alikuwa abiria. Pale alipokaa hapakuwa na breki.

Sasa hapo mtu unafanya nini na vyeti vyako vya kuongea? Nilijua vizuri tu nadharia, kwamba hatari ikija adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, hayo mtafiti wa Marekani Walter Cannon aliyaeleza tangu 1915. Ambacho sikuwahi kukifikiria kwa uzito ni hiki: je kama mwili umejiandaa halafu nafasi ya kufanya chochote haikupatikana? Umefungwa mkanda, umeshikwa, uko mdogo kuliko anayekupiga. Maandalizi yanabaki nusu, na kuna watu yanawabaki miaka, bega limepanda, taya limekaza, mguu unatafuta breki.

Na hili si jambo jipya kama matangazo ya kozi yanavyotaka tuamini. Pierre Janet huko Ufaransa aliandika 1889 kuhusu wagonjwa waliokuwa wakirudia kwa vitendo mambo wasiyoweza kuyasimulia. Abram Kardiner, Mmarekani aliyewatibu wanajeshi waliotoka vitani, aliandika 1941 kwamba ugonjwa wao uko mwilini kiasi kilekile ulivyo akilini, wanashtuka shtuka, wako tayari kwa mapambano yaliyokwisha zamani. Kisha 1980 madaktari wa akili wa Marekani wakaupa ugonjwa huo wa kiwewe, yaani madhara yanayobaki baada ya tukio la kutisha, nafasi rasmi kwenye kitabu chao cha kuainisha magonjwa, na nikiangalia nilivyofundishwa mimi, kwenye orodha ya dalili kushtuka na kukosa usingizi vipo, lakini kwenye tiba tulifundishwa kuongea, kuongea, na tukimaliza tuongee kidogo.

Basi nikaenda kusoma upya. Kuna shule kadhaa za hii tiba inayoanzia mwilini, ya Peter Levine na ya Pat Ogden ndo zinatajwa zaidi, sitaingia kwenye ugomvi wa nani alimtangulia nani. Nikukumbushe tu kwamba mafunzo haya unajifunza kwa kuwa mteja kwanza, na hapo ndo nilipopata tabu. Mwalimu akaniuliza mabega yako yanafanya nini sasa hivi, nikaanza kumwelezea kazi ni nyingi, wateja wana mambo mazito, sijui utoto wangu ulikuwaje. Akaniacha nimalize. Akasema sijakuuliza kwa nini, nimeuliza yanafanya nini. Yalikuwa yamekaribia masikio, jamani! Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa hivyo mbele ya wateja kwa miaka, mtu aliyeumizwa anasoma mwili wa aliye mbele yake kabla hujafungua mdomo, mimi nasema "uko salama hapa" na mabega yangu yanamwambia jiandae.

Niliporudi kwa yule wa ajali sikumfanyia muujiza wowote. Nilimwambia nimeona kitu mguuni, je tukitazame? Akakubali. Tukafanya taratibu mno, anasimulia sentensi moja, tunasimama, anaangalia chumba, anataja vitu anavyoviona, anasikia miguu sakafuni, tunarudi sentensi nyingine, yaani kwenda na kurudi, tone kwa tone. Mguu ulipotaka kukandamiza nikamwambia ukandamize, kwa makusudi, polepole, mpaka mwisho. Paja likaanza kutetemeka, akavuta pumzi moja ndefu ambayo sikumwomba, akasema "ningesimamisha gari". Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Usingizi haukurudi usiku uleule, ulirudi vipande vipande kwa miezi.

Lakini nisije nikaonekana nauza dawa. Mimi nimeshaharibu kwa njia hii pia. Nilipokuwa mgeni nayo nilimwambia mteja mmoja funga macho, vuta pumzi ndefu, sikiliza mwili wako, maneno ambayo kila mtu anayasema siku hizi kama vile ni maji ya kunywa. Akaanza kutetemeka, akapotea kabisa kimawazo, ilichukua muda mrefu kumrudisha chumbani. Kwa mtu ambaye mwili wake ndo ulikuwa mahali pa tukio, kufunga macho na kuingia ndani ni kumrudisha palepale. Saivi macho yako wazi, mlango anauona, kiti anachagua mwenyewe, na kama mwilini hakuna pa kukaa kwa usalama tunaanza na ukuta au kikombe mkononi. Kumgusa mteja bila kumuuliza, hapana. Na mtu akisema kifua kinambana kwanza namuuliza kama ameshamwona daktari, maana kifua kubana kunaweza kuwa moyo kweli.

Kinachonikera zaidi ni wenzangu wanaosema kiwewe "kimehifadhiwa" kwenye nyonga sijui kwenye misuli ya shingo, kama vile kuna droo mle ndani. Msuli hauna kumbukumbu ya tukio, ubongo na mfumo wa fahamu ndo vinaupa msuli amri ileile kila siku. Unaweza kuona nabishania maneno tu, ila madhara yapo, maana mtu wa namna hiyo kesho atamwambia mteja maumivu yako ya kiuno yanaonyesha ulitendewa jambo utotoni, na mteja ataanza kukumbuka vitu ambavyo huenda havikutokea. Mimi mwenyewe nilikuwa napenda kusimulia ile hadithi ya swala anayeponyoka simba, anatetemeka, anaendelea na maisha, nimeiacha, ushahidi wake ni mwembamba kuliko utamu wake.

Ushahidi wa njia hizi upo ila ni mdogo. Utafiti wa yoga uliochapishwa 2014, Bessel van der Kolk na wenzake, ulikuwa na wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu, baada ya wiki 10 asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, kwenye kundi la kulinganisha ni asilimia 21. Wa Israel wa 2017 kuhusu njia ya Levine ulikuwa na watu 63, ukaonyesha nafuu pia. Ni namba za kutia moyo, lakini ni watu wa kujaa ukumbi mmoja tu, wakati tiba za kuongea zinazolenga kiwewe chenyewe zina tafiti nyingi na Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza tangu 2013. Kwa hiyo mtu akiniambia kuongea kumepitwa na wakati namshangaa. Yule wa ajali aliongea sana baadaye, ila stori ilibadilika, ikawa na kusita, ikawa na sehemu ambazo hakuwahi kuzitaja, kwa mfano nani alikuwa anaendesha.

Tulipoagana aliniambia ameanza tena kukaa kiti cha mbele. Kwenye mteremko mguu bado unakanyaga kanyaga, akasema huku anacheka, na mimi nikajikuta naangalia mabega yangu.