Kontena kwenye seva ya ofisi: nani ataitunza baada ya kusimikwa?

Ofisi ya wakala wa forodha jirani na Bandari ya Tanga, saccos yenye matawi Muheza na Korogwe, duka la dawa la jumla Ngamiani: kila moja siku hizi utaikuta na seva chumba cha nyuma, UPS chini ya meza, na programu mbili tatu ambazo bila hizo kazi inasimama. Swali linalogombewa sasa ni kama programu hizo ziendelee kusimikwa moja kwa moja juu ya mfumo endeshi, au kila moja ifungiwe kwenye kontena lake, yaani kifurushi kinachoibeba programu pamoja na kila inachohitaji na kuitenga na nyingine. Wauzaji wa programu wanavutia upande wa kontena, na kwa habari ya kusimika tunakubaliana nao. Kwa habari ya matunzo, hoja yao ina pengo, na ofisi ndogo ndiyo inayotumbukia humo.

Kontena si kompyuta ndani ya kompyuta. Mashine pepe hubeba mfumo endeshi wake mzima, na hutaka GB 1 au 2 za memori kabla programu yenyewe haijaanza kazi. Makontena yanatumia keneli (kiini cha mfumo endeshi) moja ya Linux iliyo kwenye seva. Kinachotenganishwa ni faili, michakato, mtandao na kiwango cha memori. Wazo si geni. Mfumo endeshi wa FreeBSD ulikuwa na jail, chumba cha kufungia programu, mwaka 2000, keneli ya Linux ikapata cgroups, za kuwekea programu kikomo cha memori na prosesa, katika toleo 2.6.24 la Januari 2008, na Docker, programu ya kujenga na kuendesha makontena, ilipotoka Machi 2013 ikaiweka kazi ya mabingwa kwenye amri chache. Upande wa Windows, Microsoft iliinunua kampuni ya Softricity mwaka 2006, na kwenye System Center 2012 ikaleta Server App-V, iliyorekodi kila faili na kila huduma iliyoguswa wakati wa kusimika, kisha ikavifunga vyote kwenye kifurushi kimoja cha kuhamishika. Haikushika mizizi.

Chukua seva ya Ubuntu 20.04 yenye memori ya GB 8. Juu yake kuna programu ya uhasibu ya PHP 7.4, na programu ya kufuatilia mizigo ya Python inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Fundi akiipandisha seva hadi Ubuntu 22.04, PHP inakuwa 8.1 na uhasibu unagoma, kwa kuwa maagizo kama each() yaliondolewa tangu PHP 8.0. Asipoipandisha, anabaki na mfumo endeshi ambao muda wake wa kawaida wa viraka (marekebisho ya usalama) uliisha Mei 2025. Amebanwa pande zote mbili. Kontena linamtoa hapo: seva inapanda, uhasibu unabaki na PHP 7.4 yake ndani ya imeji (nakala iliyojengwa tayari, ambayo kontena huanzishwa kutoka kwayo), na programu ya mizigo haijui hata kama jirani yake yupo. Faida hiyo ni ya kweli, na tungeichukua hata kama hakungekuwa na nyingine.

Sasa litazame jambo hilohilo kwa upande wa pili. PHP 7.4 iliacha kupewa viraka vya usalama tarehe 28 Novemba 2022. Kabla ya kontena, tatizo lilijionyesha lenyewe, maana programu iligoma na mwenye ofisi akalazimika kulipa irekebishwe. Ndani ya kontena haigomi, hivyo hakuna anayesumbuka. Amri ya apt upgrade, inayosasisha seva, haigusi kilicho ndani ya imeji. Fundi anaandika kwamba seva imesasishwa, na hajadanganya, lakini PHP, OpenSSL (inayolinda mawasiliano kwa usimbaji) na maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, zinazopokea wateja kutoka nje ni za siku imeji ilipojengwa. Dawa yake ni kuijenga upya walau mara moja kwa mwezi kwa docker build --pull --no-cache, kuijaribu pembeni, ndipo ibadilishwe. Na hata hivyo imeji inayoanzia kwenye toleo lililokwisha muda haitapona kwa kujengwa upya. Hapo hakuna njia ila kuandika upya yale maagizo ya zamani.

Kuhusu intaneti, kontena linaweza kukuokoa au kukumaliza, na tofauti ni mpangilio wa Dockerfile, faili lenye hatua za kujenga imeji. Imeji imejengwa kwa matabaka. Ukinakili kwanza orodha ya maktaba, ukazisimika, ndipo ukanakili programu yenyewe, basi badiliko la MB 3 kwenye programu litashusha MB 3 tu kwenye seva. Ukianza na COPY . . (nakili kila kitu) halafu maktaba zifuate, kila badiliko dogo linashusha upya mamia ya MB. Kwa tawi la Lushoto linaloishi kwa bando la simu, hiyo ni pesa inayoonekana.

Kuna na jambo la Docker Hub, ghala la mtandaoni ambako imeji nyingi huvutwa. Tangu Novemba 2020 inaweka kikomo cha kuvuta imeji kwa kila anwani ya IP ya mtu asiyejisajili, na kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, kwa hiyo unaweza kukuta kikomo kimeisha na wewe hujavuta chochote. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikazorota, seva iliyohitaji imeji kutoka nje ingesubiri tu. Ndiyo maana imeji zote zinazotumika zihifadhiwe Tanga kwenyewe: ama kwenye hazina ya ndani ya ofisi (ghala la imeji kama Docker Hub, ila lenu wenyewe), ama kwenye diski ya nje kwa docker save na gzip, zirudishwe kwa docker load. Ujue tu kwamba docker save hubeba matabaka yote kila mara, na hazina ya ndani hubeba yaliyobadilika peke yake. Saccos yenye matawi matatu inafaidika na hazina.

Kurudi nyuma toleo jipya likiharibu ni rahisi kweli: badilisha lebo ya imeji kutoka 1.4.2 kwenda 1.4.1, piga docker compose up -d (amri inayowasha makontena yote kwa kufuata faili moja la maelekezo, faili la compose), na programu ya jana imerudi kabla mteja hajamaliza kulalamika. Sharti ni lebo zenye namba. Ukiandika latest hujui ulikuwa unatumia nini. Na lipo la pili ambalo wauzaji hulipita haraka: toleo jipya likishabadilisha majedwali ya hifadhidata, kurudisha imeji hakurudishi majedwali. Kabla ya kila badiliko, pg_dump kwanza, yaani nakala ya akiba ya hifadhidata.

Umeme ukikatika na betri ya UPS ikaisha, seva itawaka upya na makontena yenye restart: unless-stopped yatainuka yenyewe. Ila mpangilio wa depends_on, ule unaosema hifadhidata ianze kwanza, hauheshimiwi hapo. Unafanya kazi pale tu compose yenyewe inapoendeshwa. Programu inatangulia, inakosa hifadhidata, inaanguka au inabaki imeduwaa ikionyesha ukurasa wa kosa. Ama programu iandikwe ijaribu tena kila sekunde chache, ama systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ikabidhiwe kazi ya kupiga compose up seva inapowaka. Na katika kuzima, docker stop hungoja sekunde 10 kisha huua. Kontena likiwa linaanzia kwenye skripti ya sh isiyotumia exec, ishara ya kuzima haifiki kwenye programu, na kila kuzima ni kuua.

Logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo programu huandika, zinaangusha seva nyingine bila hata umeme kukatika. Kwa kawaida yake Docker huandika logi za kila kontena kwenye faili isiyo na kikomo chini ya /var/lib/docker/containers. Miezi inapita, diski inajaa, PostgreSQL inashindwa kuandika na kusimama. Weka max-size 10m na max-file 3 kwenye daemon.json, faili la mipangilio ya Docker, ukikumbuka kwamba inashika kwa makontena yatakayoundwa baada ya hapo. Yaliyopo lazima yaundwe upya.

Fayawoli ndiyo inayotutia hofu zaidi. Fundi amefunga kila kitu kwa ufw, fayawoli ya Ubuntu, kisha kwenye compose ameandika 5432:5432, ambao ni mlango wa PostgreSQL. Docker huandika yenyewe kanuni zake za iptables, vichujio vya mtandao vya Linux, na mlango huo unafunguka kwa kila anayeifikia seva huku ufw ikionyesha umefungwa. Andika 127.0.0.1:5432:5432, ili mlango usikilize ndani ya seva tu, au usiuchapishe kabisa. Makontena yaliyo mtandao mmoja yanaonana bila hivyo.

Saa nazo. Kontena kwa kawaida lina saa ya UTC, nyuma ya Tanga kwa saa 3. Mzigo unaoandikwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku unaingia kwenye tarehe ya jana, na mwisho wa mwezi unaingia kwenye mwezi uliopita. Bandari hufanya kazi usiku, kwa hiyo hili si la kinadharia kwa wakala. Kuweka TZ=Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio ya kontena kunatibu, ila imeji ndogo kama za Alpine (Linux iliyopunguzwa sana) zinahitaji kwanza kifurushi cha tzdata, chenye saa za kanda.

Upo upande mwingine wa kontena ambao unastahili sifa kuliko unavyosifiwa. Seva iliyosimikwa kwa mkono inaishi kichwani mwa fundi mmoja. Akihamia Dar es Salaam, hakuna ajuaye ni mstari gani ulibadilishwa kwenye faili gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na faili la compose ndilo daftari: mistari 40 hivi inaonyesha matoleo, milango, njia za data na kiwango cha memori. Fundi mgeni ataisoma na kuelewa siku hiyohiyo. Linaharibika pale mtu anapoingia ndani ya kontena kwa docker exec, akarekebisha faili, mambo yakakaa sawa, naye asiandike popote. Kontena likiundwa upya, marekebisho yote yamekwenda, na hakuna anayekumbuka yalikuwa nini.

Hifadhidata sisi tungeiacha nje, juu ya mfumo endeshi wenyewe, kwa ofisi yenye seva moja. Wanaopinga wanasema volyumu, sehemu ya diski inayokaa nje ya kontena, inatosha, na ni kweli data haipotei kontena linapofutwa. Lakini mtu akibadilisha lebo kutoka postgres:15 kwenda postgres:16 akidhani ni sasisho kama masasisho mengine, toleo jipya litakataa kusoma data ya zamani, na Jumatatu asubuhi ofisi imefungwa mpaka apatikane anayejua pg_upgrade (zana ya kuhamisha data kwenda toleo jipya) au kurudisha kutoka pg_dump. Hifadhidata haibadilishwi mara kwa mara, kwa hiyo wepesi wa kubadilisha hauisaidii.

Programu za Windows zenye madirisha ya kubofya na ufunguo wa USB (kifaa cha kuthibitisha leseni) zisilazimishwe humo. Kontena za Windows hazina skrini ya kubofya, na kifaa cha USB hakionekani ndani ya kontena mpaka kipitishwe kwa makusudi.  Programu hizo ziwekwe kwenye mashine pepe. Na ofisi yenye programu moja tu, isiyobadilika mwaka mzima, inayoendeshwa na systemd bila matatizo, haina cha kupata kwa kuhamia kontena ila kitu cha ziada cha kujifunza.

Wale wa programu mbili na zaidi, au matawi zaidi ya moja, tungewaambia wahamie, ila mkataba na muuzaji uandikwe kabla ya imeji kuwashwa. Dockerfile ikabidhiwe pamoja na imeji. Itajwe ni nani anayeijenga upya kila mwezi na kwa malipo gani. Na kasoro kubwa ikitangazwa, kama ile ya runc (sehemu ya Docker inayowasha makontena) ya Januari 2024, CVE-2024-21626, iliyoruhusu kutoka ndani ya kontena hadi kwenye seva na kuzibwa kwa toleo 1.1.12, pawe na idadi ya siku ambazo zikipita bila kurekebishwa muuzaji anadaiwa.