Stockfish ipo, lakini andika injini yako

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Kampala wakitafuta mradi wa kuanzia, wengi hukimbilia tovuti ya duka au programu ya kuitia boda. Mimi nasema waandike injini ya sataranji, yaani programu inayocheza sataranji yenyewe, kila mtu peke yake, kutoka sifuri. Majibu yao nayajua: ndugu yangu, injini ya Stockfish ipo, tena ya bure, hata bingwa wa dunia haiwezi. Ya nini kujitesa?

Sijasema uishinde. Hutaishinda.

Ninaipendea kazi hii kwa kuwa haidanganyiki. Tovuti ya duka inaweza kupendeza machoni huku ndani imeoza, na mteja akakusifu. Injini haipambwi. Mchezo ukianza, mweupe ana hatua 20 anazoweza kucheza. Mweusi akijibu, njia zinakuwa 400, halafu 8,902, halafu 197,281, halafu 4,865,609. Hesabu hizi hazibadiliki, uwe Katwe au uwe Oslo. Programu yako ikikuletea 4,865,351, zimepungua njia 258, na hizo ndizo idadi ya mara ambazo askari anaweza kumla askari wa mpinzani aliyeruka miraba miwili akatua ubavuni pake. Ile sheria umeisahau. Hatua nne za mwanzo ulikuwa sahihi kabisa, ya tano ikakuumbua. Hapo hakuna mwalimu wa kumbembeleza wala cheti cha kuonyesha. (Wapo wenye vyeti vitatu ambao hesabu hii ingewatoa jasho.)

Hesabu ikikaa sawa, ndipo unaifundisha kufikiri. Njia zote haziwezi kupimwa, kwa hiyo kuna mbinu ya alfa-beta: ukishaona jibu moja tu la mpinzani linaloiharibu hatua yako, achana na hatua hiyo, majibu mengine usihangaike nayo. Ukianza kupima hatua zilizo bora, kwa kazi ile ile unaweza kuona mbele karibu mara mbili. Ni mistari michache, laptopu ya mtumba inaiweza, na haili bando.

Anayedhani mtu mmoja hafiki mbali amtazame Fabien Letouzey, Mfaransa aliyeandika injini iitwayo Fruit. Mwaka 2005 kule Reykjavik ilishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa kompyuta. Stockfish yenyewe ilichipuka mwaka 2008 kutoka Glaurung, kazi ya Tord Romstad wa Norwe.

Ukimaliza sataranji, geukia omweso, bao letu la Uganda. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo kabla ya kuanza, kwa hiyo ile 20 na ile 400 huzikuti. Itabidi ukae na wanaoucheza, uwaulize sheria moja moja, kisha utengeneze hesabu za kujisahihisha wewe mwenyewe.