Msiniagize CB kutoka Marekani

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, tangu nianze kuendesha semi huku Marekani maombi ya redio za CB, zile za kuongelea kati ya gari na gari, hayaishi. Kinara ni mdogo wangu mwenye Fuso za viazi pale Uyole. Jibu langu ni hapana, na si uchoyo.

Huku CB ina maana kwa sababu madereva wenzako wanayo. Ukiwa barabara ya I-40 katikati ya Oklahoma unaweka chaneli ya 19, unasikia ajali iko wapi na mizani ipi imefunguliwa. Haina mtihani wala leseni. Chaneli ziko 40 kwenye megahezi 27, nguvu ni wati 4 kwa AM, na kwenye tambarare zile zinakufikisha kilomita kadhaa. Ingawa simu zimeipunguzia watu. Usiku mwingine nasikia mikwaruzo tu.

Sasa ihamishie mlima Kitonga, Iringa. Unapanda kutoka Mahenge, mlima upande huu, korongo upande ule, kona juu ya kona. Wati 4 zitafika wapi? Na hata zikifika, nani atajibu? Dereva anayeshuka hana CB. Ana simu na taa za kumwashia mwenzake, na hizo taa, kusema kweli, zinaokoa watu wengi.

Kwa mtu anayetaka mawasiliano yake binafsi, ningechagua ham, yaani redio ya watu wanaorusha mawasiliano kwa kujifurahisha na kujifunza. Ndiyo, kuna mtihani: leseni ya daraja la kwanza huku ni maswali 35, unafaulu ukipata 26. Lakini mlima unaoikwamisha CB, kwa ham ni mtaji. Ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, ikikaa juu ya mlima Loleza, mwenye redio ya mkononi Uyole ataongea na mwenzake wa Iwambi bila shida. Ukipanda daraja la leseni ndiyo utamu wenyewe: waya wa kama mita 10 kati ya miparachichi miwili ya Tukuyu, unarusha megahezi 14, mawimbi yanagonga ayonosfia, tabaka la juu angani, na kurudi chini mabara mengine kabisa. Hakuna mnara, hakuna vocha, betri ya gari inatosha.

Ila ham hairuhusiwi kufanyia biashara. Kuulizana bei ya gunia humo ni kosa, kwa hiyo mdogo wangu, nayo haikufai. Wewe nenda ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapo Mbeya, uliza leseni ya simu za upepo za kazini, au baki na simu yako ya laini mbili.

Ninayemtafuta mimi ni mwalimu wa fizikia wa Mbeya au Iringa mwenye wanafunzi watundu wa kuchomea nyaya. Akishapata leseni TCRA na alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5H ya Tanzania, anitafute. Redio yake ya ham nitainunua mwenyewe, na nauli ya mzigo nitalipa.