Latke au Hamantash: Upande Usiosikilizwa Vya Kutosha katika Mdahalo wa Chicago

Tangu mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Chicago kimekuwa mwenyeji wa mdahalo ambao swali lake halijabadilika: kipi ni chakula bora zaidi, latke au hamantash? Latke ni kile kibapa cha viazi mviringo vilivyokwaruzwa na kukaangwa, ambacho Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki hukila katika sikukuu ya Hanuka. Hamantash ni kitafunwa cha pembe tatu kinachookwa na kujazwa mbegu za mpopi, plamu au jamu kwa ajili ya Purimu, sikukuu ya kukumbuka kisa cha Esta. Wasemaji hupanda jukwaani wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma, na kila mmoja hutetea upande wake kwa zana za fani yake. Miongoni mwa waliowahi kusimama hapo wamo washindi wa Tuzo ya Nobel kama Milton Friedman na Leon Lederman, mwanafalsafa Martha Nussbaum, na Hanna Holborn Gray aliyekuwa rais wa chuo hicho. Ukumbi hucheka, vyakula vyote viwili huandaliwa, na mshindi hatangazwi kamwe. Lakini mdahalo unaweza kukosa mshindi na bado upande mmoja ukawa umesikilizwa nusu tu, na kwa maoni yangu ndivyo hamantash ilivyofanyiwa.

Waanzilishi wake walikuwa Rabi Maurice Pekarsky, aliyeongoza Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi chuoni, pamoja na mwanaanthropolojia Sol Tax na mwanahistoria Louis Gottschalk. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka mmoja tu kabla. Katika vyuo vikuu vya Marekani vya zama zile, mwalimu Myahudi aliyetaka kuheshimiwa na wenzake alijihisi analazimika kuuacha Uyahudi wake mlangoni mwa idara, na mwanafunzi Myahudi aliyekuwa mbali na kwao aliyaona majira ya Krismasi yakikaribia huku mji mzima ukisherehekea sikukuu isiyo yake. Kuwaita maprofesa hao hao wajadili mapishi ya mama zao, wakitumia lugha ile ile ya usomi iliyowatenga na mapishi hayo, lilikuwa tendo la busara kubwa, na naamini hiyo ndiyo sababu mdahalo huu umedumu kuliko midahalo mingi iliyoanzishwa kwa nia nzito zaidi.

Hoja za latke zina nguvu, na msomaji anastahili kuzipata bila kupunguzwa. Mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walilitwaa tena Hekalu la Yerusalemu kutoka kwa majeshi ya mfalme Antioko Epifane na kulitakasa, tukio ambalo Hanuka huliadhimisha. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya kale ya marabi, inasimulia kwamba palipatikana chupa moja tu ya mafuta safi, yenye kutosha siku moja, nayo taa ikawaka siku nane. Kwa hiyo chochote kilichokaangwa hukumbusha mafuta yale. Juu ya hilo, latke ni chakula cha maskini kwa kila hali. Kiazi, kilichotoka milima ya Andes, kilienea katika mashamba ya Ulaya ya Mashariki hasa katika karne ya 19, na familia isiyo na kitu kingine ilikuwa na viazi, kitunguu na chumvi. Mafuta ya zeituni hayakupatikana huko kwa urahisi, hivyo walikaangia mafuta ya bata bukini. Na kwa kuwa sheria ya chakula ya Kiyahudi hairuhusu nyama kuchanganywa na maziwa, latke iliyopikwa kwa mafuta hayo haikuweza kuliwa na krimu chachu, ikaandamana na rojo ya tufaha. Ufukara wenyewe uliunda ladha. Ted Cohen, mwanafalsafa aliyeusimamia mdahalo wa Chicago kwa miaka mingi, alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba latke ni kitu kinachoweza kuufikia ukamilifu, ilhali hamantash, hata ipikwe kwa ustadi wa namna gani, haiwezi.

Yeyote aliyewahi kula latke nzuri ataelewa Cohen alikuwa anazungumzia nini. Viazi vikishakwaruzwa, maji yake hukamuliwa kwa nguvu, na wanga unaotuama chini ya bakuli hurudishwa kwenye mchanganyiko ili kuushikamanisha. Kikiingia katika mafuta yaliyopata moto sawasawa, kingo zake hukauka na kuwa kama nyuzi za dhahabu huku ndani kukibaki laini. Dakika hiyo haina mpinzani. Hata hivyo, ni dakika kweli. Mvuke unaotoka ndani hulainisha ukoko, mafuta huanza kuganda, na kilichokuwa kamilifu kandokando ya kikaango kinakuwa chakula cha kawaida kabla hakijafika mwisho wa meza. Mpishi wa latke husimama jikoni akigeuza na kuopoa wakati wengine wanakula, na mara nyingi yeye ndiye hula mwisho. Ukamilifu wa Cohen upo, ila ni wa yule aliye karibu na moto.

Tena, kinachobeba kumbukumbu ya muujiza katika Hanuka ni mafuta. Kiazi ni mgeni aliyekuja baadaye. Kabla yake kulikuwa na vibapa vya jibini. Wayahudi wa Morocco hukaanga sfenj, wale wa asili ya Hispania hukaanga bimuelos, na nchini Israeli sufganiya, andazi la mviringo lenye jamu ndani, limeipita latke kwa umaarufu. Haki inanilazimu kuongeza kwamba hamantash nayo ni ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, na jamii nyingine zina vitafunwa vyao vya Purimu. Pande zote mbili za mdahalo wa Chicago zimetoka katika jiko moja la eneo moja la dunia, na hakuna upande unaoweza kudai kuwa sauti ya Wayahudi wote.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili, nalo ni kalenda. Kwa desturi mdahalo wa Chicago hufanyika mwezi Novemba, katika wiki ya sikukuu ya Kimarekani ya shukrani, baridi ikiwa imeanza kuuma na Hanuka ikiwa karibu. Purimu huangukia Februari au Machi. Kila mwaka, basi, latke husimama mbele ya baraza ikiwa katika msimu wake, wakati tumbo la kila msikilizaji linadai kitu cha moto chenye mafuta, na hamantash huitwa kutoa ushahidi miezi mitatu au minne kabla ya siku yake, mbali na fujo za watoto waliovaa mavazi ya kuigiza, mbali na usomaji wa kitabu cha Esta, na mbali na kile hasa kinachoipa maana.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua kisa cha Esta kutoka katika Biblia: Hamani, mkuu wa wakuu wa mfalme Ahasuero, anapiga kura kuchagua siku ya kuwaangamiza Wayahudi wote wa milki, Mordekai anamtuma binti aliyemlea, Esta anaingia kwa mfalme bila kuitwa, akijua adhabu yake ni kifo. Kinachosomwa haraka zaidi ni sura ya tisa, ambamo watu waliookoka wanaagizwa namna ya kuiadhimisha siku yao: karamu na furaha, kupelekeana vyakula mtu na mwenzake, na kuwapa maskini zawadi. Marabi waliyachukua maneno hayo kama sheria yenye hesabu. Kiwango cha chini ni vyakula viwili kwa mtu mmoja, na zawadi kwa maskini wawili, na lazima vifike siku hiyohiyo.

Vyakula viwili, mtu mmoja. Hesabu hii ndogo imenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu inabadilisha swali zima la kipi ni chakula bora cha sikukuu. Sheria haisemi ule nini. Inasema chakula kitoke nyumbani kwako. Furaha yako haijakamilika mpaka mtu mwingine, nyumba nyingine, awe na kitu mezani kilichotoka mikononi mwako. Talmudi inawataja wasomi wawili, Abaye bin Avin na Hanina bin Avin, waliobadilishana milo yao siku ya Purimu, na baadhi ya wafafanuzi wanaeleza kuwa kila mmoja alikuwa na mlo mmoja tu, hivyo hakuna aliyeweza kumpelekea mwenzake bila yeye mwenyewe kubaki na njaa. Wakapelekeana. Kila mmoja akala, na kila mmoja akawa ametoa. Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, ambako sahani ya futari huvuka ua kwenda kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi na hairudi tupu, hahitaji kuelezwa ladha ya chakula kilichopikwa nyumba nyingine.

Sasa mpelekee jirani latke. Utamfikishia kitu kilicholegea na chenye mafuta baridi, na atakishukuru kwa adabu. Hamantash imeumbwa kwa safari: imeokwa, pembe zake zimekunjwa kuukinga ujazo, haimwagiki, haichafui nguo, na hubaki njema kwa siku kadhaa. Mtoto anaweza kutumwa nayo mtaa wa tatu. Hakuna sheria inayoitaja, hilo nakiri wazi. Mtu anaweza kutimiza wajibu wake kwa chungwa na mkate. Lakini kati ya vyakula viwili vinavyoshindanishwa Chicago, kimoja tu ndicho ambacho umbo lake linaitikia amri ya sikukuu yake.

Hata ujazo wake una historia ambayo latke haina ya kulinganisha. Mwaka 1731, huko Jungbunzlau katika Bohemia, mji unaoitwa leo Mladá Boleslav, mfanyabiashara Myahudi David Brandeis alishtakiwa kuwa amemuua mteja Mkristo kwa kumuuzia jamu ya plamu yenye sumu. Alikamatwa pamoja na mkewe na mwanawe. Ilipothibitika kuwa marehemu alikufa kwa ugonjwa, waliachiliwa, na Brandeis akakiandika kisa hicho ili ukoo wake ukisome kila mwaka tarehe 10 Adari, mwezi wa Kiyahudi wa Purimu, siku nne kabla ya Purimu yenyewe. Jamu ya plamu, ambayo ingemtia kitanzini, ikawa kumbukumbu ya wokovu wake. Mtu anayeiuma hamantash ya plamu anakula kitu ambacho, kwa familia moja, kilikuwa kwanza ushahidi wa mashtaka na kisha karamu, na mkondo huo ndio wa kisa chote cha Esta.

Pingamizi dhidi ya hamantash zipo, na baadhi zinauma. La kwanza ni ukavu: nyingi zinazouzwa madukani ni unga mwingi na ujazo kidogo, na watu wengi wanaodai hawaipendi hamantash hawajawahi kula nyingine. Hilo ni kosa la waokaji, na linarekebishika. Ya unga wa hamira, iliyojazwa mbegu za mpopi zilizosagwa na kuchemshwa kwa maziwa na asali, ni laini na ina uchungu mdogo unaoizuia isichoshe. La pili ni zito zaidi. Sura ile ile ya tisa inahesabu watu 75,000 waliouawa na Wayahudi katika kujitetea, na wapo wanaoona haya kula kitafunwa chenye jina la adui aliyetundikwa mtini, yaani Hamani. Ninaielewa aibu hiyo. Lakini Hanuka nayo ilizaliwa vitani, na vita hiyo ilikuwa pia kati ya Wayahudi wenyewe. Vitabu vya Wamakabayo, vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki, vinasimulia mapigano kwa kirefu na havitaji kabisa chupa ya mafuta. Marabi waliielekeza Hanuka kwenye taa, na Purimu kwenye mlango wa jirani. Katika kila sikukuu chakula kimefuata upande waliouchagua.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua kweli. Katika jamii nyingi kupelekeana vyakula kumegeuka mashindano ya vikapu vikubwa vyenye riboni, ambavyo aliyenacho humpelekea aliyenacho, na familia yenye kipato kidogo huingia gharama ili isionekane imeshindwa. Maimonides, msomi mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, aliliona tatizo hili tangu karne ya 12: aliandika kwamba ni bora mtu azidishe zawadi kwa maskini kuliko karamu yake na vyakula anavyowapelekea rafiki zake, kwa kuwa hakuna furaha kubwa kuliko kuifurahisha mioyo ya maskini, yatima, wajane na wageni. Neno hilo linaishusha hamantash daraja moja, na inastahili kushushwa. Latke hata hivyo haipandi kwa sababu hiyo, kwani haimfikii aliye nje ya nyumba kwa njia yoyote ile.

Iwapo kinachopimwa ni mdomo wa kwanza, usiku wa baridi, kandokando ya kikaango, nampa Cohen ushindi bila kubishana. Iwapo kinachopimwa ni chakula cha sikukuu, yaani chakula cha watu waliookoka pamoja na wanaodaiana furaha, kura yangu ni ya hamantash, na ningependa kuona mdahalo wa Chicago ukihamishiwa mwezi Adari walau mwaka mmoja, kila msikilizaji akiagizwa aje na vyakula viwili kwa ajili ya mtu mmoja asiyemfahamu.