Mkusanyo wa Picha za China Ukipigwa Mnada: Haki ya Mwenye Mali na Ahadi kwa Mchoraji

Aprili 3, 2011, kampuni ya Sotheby's ilipiga mnada mjini Hong Kong sehemu ya mkusanyo wa Guy Ullens, tajiri wa Ubelgiji aliyekuwa ametumia miaka mingi kununua sanaa ya China ya siku hizi. Makadirio ya juu yalikuwa kama dola milioni 130 za Hong Kong. Zilipatikana milioni 427, yaani karibu dola milioni 55 za Marekani. Picha moja ya Zhang Xiaogang ya mwaka 1988, iliyochorwa katika vipande vitatu, ilifika milioni 79 za Hong Kong peke yake.

Kwa upande wa biashara hakukuwa na la kulalamikia. Lakini Ullens huyohuyo ndiye aliyefungua kituo kikubwa cha sanaa Beijing mwaka 2007, ndani ya kiwanda cha zamani katika mtaa wa 798, na wengi walikuwa wamemwona kama mlezi wa sanaa hiyo. Mlezi akianza kuuza, watu huuliza kama alikuwa analea au alikuwa anasubiri bei ipande.

Mimi sioni kosa katika mnada wenyewe. Kinachonisumbua kinautangulia mnada kwa miaka mingi, nacho ni yale maneno aliyoambiwa mchoraji siku picha ilipotoka mikononi mwake.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Februari 1989 wachoraji na wasanii wa majaribio walipewa nafasi ya kuonyesha kazi zao katika jumba la taifa la sanaa Beijing. Siku ileile ya ufunguzi msanii mmoja alifyatua risasi kwenye kazi yake mwenyewe, na polisi wakafunga maonyesho saa chache baada ya milango kufunguliwa. Kwa miaka iliyofuata makumbusho ya serikali hayakuwa yakinunua kazi za aina hiyo. Wateja walikuwa wanadiplomasia, waandishi wa habari wa kigeni na wafanyabiashara, ambao mara nyingi walinunua nyumbani kwa mchoraji na kwa bei ambayo leo inashangaza. Uli Sigg, aliyekuwa balozi wa Uswisi nchini China kuanzia 1995 hadi 1998, amesimulia mara nyingi kwamba alianza kukusanya kwa mpangilio baada ya kuona hakuna mtu wala taasisi inayofanya hivyo.

Kwa hiyo anayemshambulia mkusanyaji wa kigeni aanze hapa. Bila fedha za watu hawa kazi nyingi zingeozea stoo, na wachoraji wengine wangeacha brashi. Waliweka fedha zao mahali ambapo hakuna aliyewahakikishia faida. Mali ni yao, na mtu akizeeka, akifilisika au akichoka tu, ana haki ya kuuza.

Tena mnada una uwazi ambao mauzo ya chemba hayana. Picha zote huchapishwa katika katalogi na kuanikwa siku kadhaa ukumbini ili kila mtu azione, na nyundo ikishagonga bei inajulikana na dunia nzima. Mei 2011, familia iliyokuwa karibu na Zhang Daqian iliuza Hong Kong picha 25 za mchoraji huyo, mkusanyo uitwao Mei Yun Tang. Zote zilinunuliwa, kwa jumla ya dola za Hong Kong milioni 680, na mandhari ya yungiyungi na mabata ya mwaka 1947 ilivuka milioni 190. Picha zilizokuwa ndani ya nyumba moja kwa miongo kadhaa zilionekana na kupigwa picha vizuri, na asili yake ikaandikwa. Kwa mchoraji kama Zhang Daqian hilo si jambo dogo, maana alikuwa fundi wa kuiga wakale kiasi kwamba makumbusho ya Boston yalinunua mandhari aliyoichora yeye yakidhani ni ya karne ya 10. Picha yake yenye historia inayojulikana, tangu mkono wa rafiki aliyepewa, ina uzito wa kipekee.

Ila bei ya mnadani nayo isichukuliwe kama ushahidi wa kila kitu. Mwezi huohuo wa Mei 2011, picha ya tai juu ya msonobari iliyouzwa kama kazi ya mchoraji Qi Baishi ilitangazwa Beijing kuwa imefika yuan milioni 425.5. Habari zilizofuata zikasema mnunuzi hakulipa, na shaka zikazuka kama ni kazi ya Qi Baishi kweli. Tarakimu ilikwisha kuzunguka dunia.

Sasa nije kwenye mkusanyo wa Estella, ambao kwangu ndio kiini cha suala hili. Ulikusanywa kwa haraka katikati ya miaka ya 2000 na mfanyabiashara wa sanaa wa London kwa niaba ya wawekezaji. Mwaka 2007 ulionyeshwa katika makumbusho ya Louisiana huko Denmark, kisha Jerusalem. Haukupita muda ukauzwa kwa mwenye jumba la sanaa wa New York, na Aprili 2008 Sotheby's ikaanza kuupiga mnada Hong Kong. Wachoraji kadhaa walilalamika hadharani. Walisema waliwapunguzia wanunuzi bei, na wengine walitoa kazi zao bora, kwa sababu waliamini mkusanyo ungekaa pamoja na hatimaye kuishia kwenye makumbusho.

Tuseme hakuna sheria iliyovunjwa. Bado ahadi ni deni, hata kama ilitolewa kwa mdomo mezani. Punguzo lile lilikuwa mchango wa mchoraji kwa kitu alichoambiwa kitadumu. Lilipogeuka kuwa faida ya mwekezaji, mchoraji alinyang'anywa mchango wake. Na makumbusho yaliyotundika picha hizo ukutani yaliwaongezea thamani wauzaji bila wao kulipa chochote. Wakuu wa makumbusho wanapaswa kuuliza mapema: mwenye mkusanyo huu ana mpango gani nao mwaka ujao?

Sigg alipita njia nyingine. Mwaka 2012 aliipa makumbusho ya M+ ya Hong Kong kazi 1,463 kama zawadi, akaiuzia nyingine 47 kwa dola za Hong Kong milioni 177. Mtu akitaka kuona miongo mitatu ya sanaa ya China ikiwa pamoja, ataiona pale. Ningependa kusema hapa ndipo jibu lilipo, lakini nitakuwa ninaficha nusu ya habari. Sheria ya usalama wa taifa iliingia Hong Kong mwaka 2020, na kabla M+ haijafungua milango Novemba 2021 ilitangazwa kwamba picha ya msanii Ai Weiwei anayenyoosha kidole cha kati kuelekea uwanja wa Tiananmen, Beijing, haitaonyeshwa. Ilikuwa miongoni mwa kazi za zawadi ya Sigg. Kuweka kila kitu mikononi mwa taasisi moja ni kukikabidhi kwa siasa za mji wake pia. Mkusanyo uliotawanyika kwa wanunuzi hamsini ni vigumu kuufungia kabatini wote.

Hata hivyo naona njia ya Sigg ni bora kuliko ya Estella, kwa sababu moja tu: mchoraji alijua, na alichoambiwa ndicho kilichofanyika. Ullens namweka katikati. Aliuza, lakini kituo chake Beijing hakikufa. Mwaka 2017 kilichukuliwa na kundi la wawekezaji na kinaendelea na kazi.

Tufuate picha moja hadi ilipofika. Zhang Xiaogang alichora mwaka 1995 picha ya mfululizo wake wa "Familia Kubwa", namba 3: nyuso za kijivu kama za picha za studio za zamani, na uzi mwembamba mwekundu unaounganisha ndugu. Ilikuwa katika Estella. Mwaka 2008 iliuzwa dola za Hong Kong milioni 47.4. Mwaka 2014 ikauzwa tena, milioni 94.2, na ikaenda Long Museum ya Shanghai. Kwa hiyo mnada uleule uliouvunja mkusanyo ndio uliofungua njia ya picha kurudi China, tena makumbusho, na hilo lazima likubaliwe.

Lakini katika milioni hizo zote, sheria ya Hong Kong haikumpa mchoraji haki ya hata asilimia moja. Nchi za Umoja wa Ulaya zinampa mchoraji fungu picha yake inapouzwa tena. Kenya iliweka asilimia 5 katika sheria yake mwaka 2019. Rasimu za sheria ya hakimiliki ya China ziliwahi kuwa na kifungu hicho, kikaondolewa kabla ya marekebisho ya 2020. Na kwa kuwa haki hii kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi zinazoitambua, mchoraji wa China hanufaiki nayo hata picha yake ikiuzwa London, ambako haki hiyo ipo. Hadi kifungu hicho kirudi, ulinzi alionao ni mkataba anaoandika siku ya kuuza: mkusanyaji asiuze tena kabla ya miaka kadhaa, na akiuza, mchoraji apewe nafasi ya kwanza ya kuinunua.