Kati ya Mhasibu na Mtengenezaji wa Programu: Je, Mchambuzi Anahitajika?

Mhasibu akisema oda "imefungwa", anamaanisha kwamba malipo yamekamilika; mtunza bohari akitamka neno hilohilo, anamaanisha kwamba mzigo wote umepokelewa; na mtengenezaji wa programu akilisikia, anaelewa kwamba rekodi haiwezi kuhaririwa tena. Mfumo ukijengwa kabla ya watatu hao kuulizwa wanachokusudia, siku mzigo uliolipiwa utakapofika nusu, bohari itashindwa kuuingiza. Mchambuzi wa programu za biashara huajiriwa katika timu ya TEHAMA ili kuziba mapengo ya namna hiyo: huwasikiliza watumiaji, huandika mahitaji, husimamia majaribio, na mara nyingi ndiye anayepigiwa simu ripoti ya mwisho wa mwezi inapogoma.

Wapo wanaoiona nafasi hii kuwa ya ziada, na hoja yao si nyepesi. Tamko la Agile la mwaka 2001, yaani misingi ya kutengeneza programu kwa hatua fupifupi, linataka watu wa biashara na watengenezaji wa programu wafanye kazi pamoja kila siku, na utaratibu wa Scrum, mojawapo ya njia za kuendesha timu kwa misingi hiyo, hauna cheo cha mchambuzi. Maneno yanayopita kwa mtu wa kati hupungua au huongezeka, na hati ya mahitaji hutiwa saini na wakuu ambao (tuseme ukweli) hawakuisoma.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba mtumiaji anaweza kueleza kazi yake yote, ilhali aliyeizoea kwa miaka mingi huruka hatua anazozifanya bila hata kuzifikiria. Tena, taasisi nyingi hazijengi mfumo bali huununua, kwa mfano kutoka SAP, kampuni ya programu za biashara iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972, na hapo swali gumu huwa ni kama taasisi ibadili utaratibu wake ufuate mfumo, au mfumo urekebishwe ufuate taasisi. Kila rekebisho la pekee hudai kujaribiwa upya toleo jipya linapokuja. Mtumiaji haioni gharama hiyo, na mtengenezaji naye hajui ni utaratibu upi una sababu ya kisheria na upi ni mazoea tu. Anayeona pande zote mbili ni mchambuzi, ilimradi awe amewahi kukaa bohari na si kwenye vikao pekee.

Kwa maoni yangu, wapinzani wana haki dhidi ya mchambuzi anayejigeuza mlinzi wa geti, lakini dawa si kumwondoa. Katika suala la ile oda, mchambuzi hodari hapeleki hati. Huwaita wote watatu mbele ya skrini moja, huwawekea mzigo uliofika nusu, kisha huwauliza kinachopaswa kutokea. Hapo ndipo hugundulika kwamba zinahitajika hali mbili, moja ya malipo na nyingine ya mapokezi, na neno "imefungwa" huondolewa kwenye skrini.