Nyeupe Ni Nyeupe Tu

Natoka kwenda kununua rangi ya sebule, mke wangu akaniwahi mlangoni: "Baba watoto, nataka nyeupe, ila iwe na joto." Nikacheka kimoyomoyo. Nyeupe yenye joto ndiyo ipi hiyo? Nyeupe ni nyeupe tu.

Dukani nikatandaziwa kadi ya rangi. Nyeupe peke yake zilijaza ukurasa mzima, kila moja kijipande cha ukubwa wa stempu. Nikachagua iliyong'aa kuliko zote chini ya taa za pale dukani.

Fundi alipoikoroga kwa kijiti, alisita. Akaitazama ndoo, akainua macho kwenye balbu ya sebuleni, kisha akanigeukia. "Bosi, tujaribu kipande kwanza, tukione mchana na usiku?"

"Piga."

Akapiga, mara mbili, kuta zote nne.

Sebule yetu jua hailioni, dirisha liko kivulini kutwa. Jioni nikawasha taa, nikajikuta mochwari. Mwanangu akachana karatasi ya daftari, akaibandika ukutani. "Baba, mbona ukuta wetu ni wa bluu?" Nikasogea. Kweli bwana, kando ya ile karatasi, nyeupe yangu ilikuwa kama shati lililozidishiwa bluu ya kufulia.

Nilijitetea kwamba macho yatazoea. Siku ya pili akaja mama mkwe. Akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, akaangaza huku na huku, kisha akaninong'oneza: "Daktari amesemaje, baba?"

Nikarudi dukani mbio. Safari hii nikachukua krimu, tena iliyoiva. Fundi akafungua mdomo. "Bosi, kabla hatuja..."

"Piga!"

Kabati la vyombo lilikuwa zito, nikamwambia alizunguke tu, nyuma yake nani ataona? Akapiga. Mchana ilipendeza, japo ilikolea kuliko kwenye kadi. Kumbe kuta nne zikitazamana zinarushiana rangi, na kijipande cha stempu hakina wa kumrushia. Usiku nikawasha taa. Krimu yote ikageuka ukijani wa mtu aliyeamka na nyongo.

Mke wangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Asubuhi fundi alikuja kuchukua brashi zake. Nikampa nafasi aliyoitafuta tangu siku ya kwanza. "Bosi, hiyo balbu. Soma boksi lake." Limeandikwa 6500K. "Hiyo namba ni ya rangi ya mwanga, na huu ni wa kibluu. Rangi ya baridi inazidi kuwa baridi, na ya manjano inachakaa. Tafuta ya 2700K, mwanga wake wa kimanjano."

Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nagombana na kuta, kumbe mbaya wangu ananing'inia kichwani.

Jioni nikapanda kwenye stuli kubadilisha balbu, familia yote imeinua shingo, na fundi naye, nadhani alitaka kuona mwisho wa sinema. Nikawasha. Sebule ikawa kiini cha yai. Manjano ukutani, manjano darini, watoto wenyewe wa manjano. Tukabaki tumekaa kimya ndani ya yai, kama tunangoja kuanguliwa.

Katika kushuka, ile balbu ya zamani ikaniponyoka, ikadunda na kubingirika hadi uvunguni mwa kabati. Tukalisukuma kabati, mimi na fundi.

Pale nyuma palikuwa na kipande cha ukuta kama mlango, hakijaguswa na krimu. Chini ya balbu mpya kilikuwa cheupe, laini, chenye joto.

Mke wangu akasogea, akakipapasa kwa kiganja. "Hii sasa! Si ndiyo hii niliyokuagiza? Hii nayo umeitoa wapi?"

Fundi akakohoa, akaanza kukunja mikono ya shati.